Dawa ninayotengeneza nyumbani inatoka chungu na maji maji, nakosea wapi?

"Kaka habari za kazi. Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alikuwa na bethdei nyumbani kwetu Tabata, wageni kama 14 hivi, nikasema nitengeneze ile dawa, kokteli ya vodka, ndimu na asali niliyokunywa Nairobi nilipoenda kikazi. Nilikata ndimu nikazitwanga kwenye kinu mpaka zikalainika kabisa, asali vijiko viwili kila glasi, vodka nikakadiria kwa macho, barafu vipande vitatu vitatu maana sikutaka iwe maji. Ikatoka chungu, asali imekaa chini kama gundi, juu kali chini tamu, na baada ya dakika kumi imeshakuwa maji ya uvuguvugu. Kila nikiona imepooza naongeza vodka. Asubuhi watu wanne hoi, mmoja alitapika usiku kucha. Shemeji anasema kosa ni kuchanganya pombe na asali na soda, eti wangekunywa kavu wasingelewa vile. Nakosea wapi? Na lazima ninunue vile vifaa vya bei mbaya? Halafu imebaki nusu chupa ya vodka, niliipata dukani kwa bei rahisi sana, haina stempu, nikiichanganya na juisi nyingi si itakuwa haina shida? Jumamosi ijayo tuna shughuli nyingine."

Salama dada, na asante kwa kueleza kila kitu mpaka idadi ya vipande vya barafu, maana hapo kwenye vile vipande vitatu ndo penye nusu ya jibu lako. Ila naomba nianzie mwisho wa swali, kwenye ile nusu chupa, kwa sababu mengine yote ni ladha na hilo ni uhai.

Imwage. Leo hii, kwenye sinki, halafu chupa uibandue lebo na uiharibu kabisa ili mtu asije akaiokota akaijaza tena. Najua inauma kumwaga kitu ulichonunua lakini nisikilize. Pombe kali isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni ndugu wa pombe ya kawaida kwa sura na kwa harufu, ulimi wako hauwezi kuzitofautisha na wangu pia hauwezi pamoja na miaka yote hii niliyosimama nyuma ya kaunta. Ukishaimeza, ini linaibadilisha kuwa asidi ambayo inashambulia mshipa wa macho na kuvuruga damu, mtu anapofuka au anakufa. Mei 2014 Kenya walikufa watu zaidi ya 80 ndani ya siku chache kwa pombe ya namna hiyo. Na juisi haiondoi kitu, juisi inaficha tu, kiasi cha sumu kilichomo kwenye chupa kinabaki kile kile hata ukikigawa kwenye jagi kubwa kiasi gani. Kuna wanaokwambia uiwashe moto, ukiwa wa bluu ni nzima, hapana, zote mbili zinawaka bluu. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuaminika, cha kuaminika ni duka unalolijua, chupa iliyofungwa kiwandani, stempu ya kodi ipo na haijachanwa, na bei inayofanana na ya maduka mengine. Bei ikiwa chini mno kuna kitu kimekatwa mahali, na mara nyingi ni usalama wako.

Kwa kuwa zimepita wiki tatu na hujaniambia kuna mtu amelalamika macho, kuna uwezekano mkubwa hamkupata methanoli, mlipata pombe nyingi tu. Lakini waulize wote 14, hasa yule aliyetapika. Kama kuna mtu tangu siku ile anaona ukungu au kama vumbi vumbi mbele ya macho aende hospitali akaeleze alikunywa nini, asione aibu. Na siku yoyote ile, mtu akinywa halafu baada ya nusu siku au siku nzima, yaani pale ambapo hengova ilitakiwa iwe inaisha, ndo kwanza anaanza kuumwa tumbo, kuhema haraka na kuona vibaya, hapo hamna maji ya ndimu wala kulala, ni gari na hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Hiyo sumu inachelewa kujionyesha na inatibika ikiwahiwa.

Haya, sasa tuje kwenye dawa yenyewe.

Ile uliyokunywa Nairobi inajulikana sana kutokea Carnivore, mgahawa wa nyama choma uliofunguliwa mwaka 1980, na ukiiangalia vizuri utaona ni mtoto wa kaipirinya ya Brazil, kule wanatumia kachasa ya miwa, ndimu na sukari, huku ikaingia vodka na asali. Sasa kumbuka ilivyoletwa mezani kwako. Asali haikumwagwa kwenye glasi kwa kijiko, ilikuwa kwenye kijiti kinene cha mbao, na glasi ilijaa barafu mpaka juu, kijiti ukakikoroga mwenyewe taratibu ukiwa unakunywa. Ule sio urembo. Kijiti kinaiachia asali kidogo kidogo kadiri unavyokoroga. Wewe uliweka vijiko viwili vya asali halafu ukaviwekea barafu juu, na asali ikipata baridi inakuwa nzito inakataa kuyeyuka, ndo maana ikakaa chini kama gundi, hujakosea wewe ni tabia yake.

Tiba ya hiyo ni rahisi mno. Chukua asali vipimo viwili na maji ya moto kiasi, sio yanayochemka, kipimo kimoja, koroga mpaka ilainike, iache ipoe, weka kwenye chupa ndani ya friji. Hiyo ni sirapu ya asali. Itamiminika kama mafuta ya kupikia na itachanganyika hata kwenye kinywaji cha baridi. Ndani ya friji inakaa wiki moja au mbili, ukiona inatoa povu au harufu ya kuchachuka mwaga tengeneza nyingine.

Uchungu nao umetoka kwenye kinu. Ndimu ina vitu vitatu ndani ya ngozi moja, kuna maji yake ya kuchachua, kuna mafuta kwenye ganda la kijani ambayo ndo harufu yote ile nzuri, halafu kuna ile nyama nyeupe katikati ya ganda na maji, pamoja na mbegu, huko ndo uchungu unakokaa. Unachotaka ni maji na mafuta, nyeupe uiache ilale. Ukitwanga mpaka ilainike umeiamsha yote. Kata ndimu vipande vinne, toa ule mstari mweupe wa katikati na mbegu, weka kwenye glasi upande wenye maji ukiangalia juu, nyunyiza sukari nusu kijiko cha chai, halafu bonyeza mara nne au tano basi, ubonyeze kama unayekanda mkono wa mtoto. Chembe za sukari zinakwaruza ganda zinavuta yale mafuta, kwa hiyo hata kama unatumia asali sukari kidogo hapo ina kazi yake. Mchi wa mbao unafaa lakini usiwe ule wa kitunguu saumu, nasema kwa sababu nimeonja dawa ya kitunguu saumu mara moja nyumbani kwa rafiki na hiyo ladha sijaisahau. Nyuma ya mwiko pia panatosha.

Na maji ya ndimu usiyakamue asubuhi kwa ajili ya usiku. Yakikaa yanaanza kuwa machungu yenyewe na harufu inakufa. Kamua mchana ule ule, masaa matatu manne kabla, funika, weka friji.

Sasa barafu. Hapa naomba uvumilie maana ndo moyo wa jambo lenyewe, na ukilielewa hili hutahitaji tena kuuliza kuhusu kokteli yoyote ile.

Mwaka 1806, tarehe 13 Mei, gazeti moja la mji wa Hudson kule New York lilimjibu msomaji wake aliyeuliza kokteli ni kitu gani, likamwambia ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dondoo chungu za mitishamba. Angalia hicho cha tatu. Maji yalikuwemo tangu siku ya kwanza, hayakuingia kwa bahati mbaya. Kokteli bila maji ni kali inakuchoma koo na hausikii ladha ya kitu kingine. Kwa hiyo wewe usiyakimbie maji, wewe yapime. Na nyumbani kwetu maji yanaingia kwa mlango wa barafu.

Barafu inapoozaje kinywaji? Watu wengi wanadhani inapooza kwa sababu yenyewe ni ya baridi. Kiasi fulani ndiyo, lakini kazi kubwa inafanyika pale inapoyeyuka. Kuipunguza gramu moja ya maji nyuzi moja ya joto unatakiwa utoe kalori moja. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunameza kalori 80. Yaani kupoa na kuyeyuka ni kitu kimoja, huwezi kupata kinywaji baridi kutokana na barafu bila kupata maji, kama ambavyo huwezi kula muwa usitoe makapi.

Tupige hesabu ya haraka ya glasi yako. Kinywaji gramu 100, joto la Dar nyuzi 30. Kukifikisha sifuri inabidi gramu kama 37 za barafu ziyeyuke. Glasi yenyewe nayo imekaa kabatini kwenye joto lile lile, kama ni nzito ya gramu 250 itataka karibu gramu 19 nyingine. Jumla 56. Vipande vitatu vya kwenye trei ya friji vina gramu ngapi, 60 au 70 hivi. Umeona? Barafu yako yote iliishia kwenye kupooza tu, haikubaki ya kulinda ubaridi, ndo maana dakika kumi baadaye una maji ya uvuguvugu. Uliweka barafu chache ili isiwe maji, na ule uchache ndo umeleta maji.

Sasa chukua kinywaji hicho hicho kikiwa kimelala friji, nyuzi 5, na glasi nayo imetoka friji. Kinywaji kinataka gramu 6 tu kufika sifuri, na glasi kama tatu. Halafu jaza barafu mpaka ukingoni. Haitayeyuka nyingi kwa sababu hamna joto la kuiyeyusha, inabaki inapambana na joto la nje tu, na inapambana ikiwa jeshi zima.

Mzee aliyenifundisha kazi Mombasa hakunipa hesabu hizo. Wiki yangu ya kwanza alichukua glasi mbili, juisi ya ndimu sawa sawa kutoka jagi moja, moja akaweka vipande vitatu nyingine akajaza mpaka ikawa na kilima juu, akaziweka mwisho wa kaunta karibu na mlango wa jikoni ambako joto lilikuwa linatoka. Akaniambia nenda kafute meza zote. Niliporudi akasema onja. Ya vipande vitatu ilikuwa kama maji yaliyooshewa ndimu. Ile ya kilima bado ilikuwa inauma meno na barafu zake zilikuwa bado zimesimama zimebanana. Hakusema neno, akaniacha nisimame pale na glasi mbili mkononi mpaka nikaelewa mwenyewe.

Kwa hiyo barafu nyingi, kubwa, na kavu. Kavu maana yake imetoka friza sasa hivi, ikigusa kidole inanata. Ile iliyokaa kwenye ndoo inang'aa maji juu tayari imebeba maji ya bure, ichuje kwanza. Kama trei zako ni ndogo gandisha maji kwenye makopo ya aiskrimu, siku ya shughuli unalitoa bonge unalifunga kwenye kitambaa safi unalipiga na mchi upate vipande vikubwa. Na tumia maji yaliyochemshwa au ya chupa, hili watu wanalipuuza sana. Wanasema pombe itaua wadudu, haiui, kinywaji chenye pombe asilimia 15 hakisafishi barafu ya maji machafu. Nina wasiwasi wa kweli kwamba matumbo mengi yanayosingiziwa pombe ni ya barafu za kwenye mifuko. Hata yule wa kwako aliyetapika siwezi kukuhakikishia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Nimefika kwa shemeji. Mwambie kwa heshima zote kwamba asali na soda hazikumlewesha mtu, na hata ile imani kwamba kuchanganya pombe aina mbili ndo kunaleta hengova haijasimama ilipopimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walitoa majibu ya jaribio la watu 90, wengine walianza bia wakamalizia mvinyo, wengine walianza mvinyo wakamalizia bia, wengine kimoja tu, hengova hazikutofautiana kwa mpangilio. Kilichowatabiria asubuhi mbaya ni jinsi walivyojisikia wamelewa na kama walitapika. Ila shemeji ana robo ya ukweli na tusimnyime. Utamu na ubaridi vinaficha ukali, ulimi unaacha kukupa taarifa, na mtu anayekunywa kavu anajizuia mwenyewe kwa sababu inamchoma. Kinywaji kitamu hakimzuii mtu, kinachomzuia ni kipimo tu.

Na wewe hukupima, hapo ndo penye kosa lenyewe na nakwambia kwa upendo. Chupa ya bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina pombe halisi ml 25. Vodka ml 60 ya asilimia 40 ina ml 24. Kwa hiyo toti mbili nene ni bia moja nzima. Mkono unaokadiria, hasa usiku ukishachangamka, unamwaga 90 bila kujua, hiyo ni bia moja na nusu kwenye kiglasi kidogo. Halafu ladha ikipooza ukaongeza tena. Mtu aliyehesabu "nimekunywa glasi nne tu" huenda alikunywa bia saba au nane ndani ya masaa matatu, na ini linashughulikia takriban ml 10 za pombe halisi kwa saa, haliongezi spidi kwa kahawa, kuoga wala supu. Kinywaji kikipooza ladha shida ni ndimu au utamu umezidiwa na maji, matone ya ndimu na kijiko cha sirapu vinakirudisha. Vodka haina ladha ya kurudisha, inaongeza moto tu.

Na msiingize vinywaji vya kuongeza nguvu humo ndani. Kafeini inafukuza usingizi, pombe kwenye damu inabaki ile ile, mtu anajiona yuko sawa anachukua funguo za gari. Marekani mwaka 2010 mamlaka yao ya chakula na dawa iliyaandikia onyo makampuni manne yaliyokuwa yanauza pombe yenye kafeini ndani ya kopo moja, hawakuliona jambo dogo.

Vifaa usinunue. Kipimo chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kina mistari ya ml, kioshe vizuri. Au kijiko cha chakula ambacho ni ml 15, vitatu ni 45. Sheka ni chupa ya plastiki ya mdomo mpana yenye mfuniko usiovuja, za kioo zinapasuka zikigongana na barafu. Chujio ni la chai. Ukitikisa tikisa kwa nguvu sekunde 12 mpaka 15, mkono ukianza kuganda acha, ukiendelea unaongeza maji bila kuongeza ubaridi wa maana. Soda usiiweke kamwe kwenye kitu kilichofungwa ukatikisa, mfuniko utaruka au nguo za watu zitaharibika, soda inaingia mwisho juu ya glasi.

Kwa Jumamosi usitengeneze glasi moja moja, utashinda jikoni usione wageni. Tengeneza jagi. Chupa moja ya vodka ya ml 750 iliyofungwa vizuri, sirapu ya asali ml 300 (yaani asali 200 na maji 100), maji ya ndimu ml 400, ndimu zetu ndogo zitakwenda kama 25 hivi kutegemea na msimu, na maji baridi ya kunywa ml 200. Ndiyo, maji, unayaweka mwenyewe kwa makusudi kwa sababu jagi litalala friji na barafu haitapata nafasi ya kuyaleta yote. Koroga, friji, sio friza. Vodka yenyewe haigandi kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri lakini mchanganyiko huu ambao ni kama asilimia 18 utakuwa uji wa barafu. Unapata glasi 16 za ml 100 na kidogo, kila moja ina vodka kama ml 45, yaani chini ya bia moja. Kila glasi weka vipande viwili vya ndimu ubonyeze na sukari kidogo, jaza barafu mpaka juu, mimina, tia kijiti. Kijiti cha mshikaki kisafi kinatosha, kichovye asali ncha moja kama unataka wageni wakoroge wenyewe.

Ukikosa vodka konyagi inafaa, yenyewe ni asilimia 35 na ina harufu yake, kwa hiyo ongeza ndimu kidogo na yale maji 200 yashushe yawe 100. Mimi binafsi naipenda zaidi ikiwa na mchaichai uliopondwa ukalowekwa kwenye sirapu ya asali usiku mmoja, au tangawizi. Gongo usijaribu, sababu nimeshazieleza pale juu.

Tenga na jagi la wasiokunywa na ulitengeneze kwa bidii ile ile, wasipewe soda ya chupa wakati wenzao wana glasi zenye kijiti. Sirapu ya asali ml 20, ndimu ml 25, maji ya tangawizi iliyokunwa ikakamuliwa kijiko kimoja, barafu tele, malizia na maji ya dafu au soda ya maji. Wajawazito, madereva, wanaotumia dawa, wazee wetu wasiogusa kilevi, wote hao ni wa jagi hilo. Na kuhusu wanaotumia dawa uliza kabla ya kumimina, hasa dawa za usingizi, za kifafa, za TB, na zile za metronidazole ambazo watu wengi wanameza kwa tumbo bila hata kukumbuka. Mtu asiye na uhakika ampigie mfamasia wake, usimjibie wewe.

Akizidiwa mtu usimwache "alale ipite". Ukimwita haamki, anatapika bila fahamu, anahema kwa kukatika katika, amekuwa wa baridi au midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, mtu mmoja asimwache hata dakika, wengine watafute gari la kwenda hospitali. Usimpe kahawa wala usimwogeshe maji ya baridi. Na kama kwenye hiyo familia kuna mtu ambaye mikono inamtetemeka asubuhi mpaka apate kidogo, huyo nakuomba usimwambie tu aache ghafla, kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumletea degedege, apelekwe na mtu anayemwamini kwa daktari aachishwe kwa utaratibu.

Jumamosi, jagi likiwa tayari, jimiminie nusu glasi uonje kabla ya wageni. Onja mara ya kwanza, subiri dakika tano, onja tena, maana wageni watainywa ikiwa imekaa dakika tano. Ikichachua mno ongeza sirapu kijiko kwenye jagi, ikiwa tamu ya kuchosha ongeza ndimu, ikikuchoma koo ongeza maji. Chupa ya vodka iache kabatini.